Mvua kubwa kuliko zote bado haijanyesha

Kabla koperative haijajenga depo karibu na mto: hesabu ndogo ya kufanya, na kipimo cha mvua cha kutengeneza kwa chupa moja na kaye moja.

Katika mikutano ya koperative, hasa siku ya kutafuta kiwanja cha depo, mazungumzo kama haya hayakosi:

— Mzee, hapa maji yaliwahi kufika wapi?

— Yalifika pale, kwenye ule mti wa maembe. Ule mwaka daraja lilienda na maji. Mimi mwenyewe niliona.

— Na yanaweza kupita pale?

— Aa, mwanangu! Ile njo ilikuwa kubwa kuliko zote. Ingine kama ile haitarudi.

Basi kamati inapanda hatua chache juu ya mti wa maembe, inapima kiwanja, inaweka mawe ya msingi. Ndani ya depo hiyo zitaingia mbegu za msimu A, mifuko ya mbolea, mizani, na mavuno ya familia nyingi. Wote wanalala usingizi kwa sababu ya neno moja: "kubwa kuliko zote."

Mzee hakusema uongo. Alichokiona alikiona, na ushahidi wake ni mali. Kosa liko katika neno la mwisho tu, pale aliposema haitarudi. Maana kuna vilele vya namna mbili. Kimoja ni cha hesabu, nacho hakivukwi. Kingine ni cha mvua, nacho kinakaa tu kikingoja siku yake ya kuvunjwa. Tukivichanganya, tunapoteza mavuno, na siku nyingine tunapoteza watu.

KILELE AMBACHO HAKIVUKWI

Tuanze na kile cha hesabu, kwa sababu mkulima anakitumia hata bila kukiita jina. Wanafunzi wetu wanakiita maksimumu.

Tuseme koperative iko na waya wa mita 40, na tunataka kuzungushia pepinyeri ya miche ya kahawa. Umbo ni la pembe nne. Tuupange namna gani ili tupate nafasi kubwa zaidi ya miche? Tujaribu:

Upana mita 2, urefu mita 18: mita za mraba 36.
Upana mita 5, urefu mita 15: mita za mraba 75.
Upana mita 8, urefu mita 12: mita za mraba 96.
Upana mita 10, urefu mita 10: mita za mraba 100.
Upana mita 12, urefu mita 8: mita za mraba 96.

Tunaona nafasi inapanda, inapanda, inafika 100, kisha inaanza kushuka. Pale ambapo kupanda kunaishia na kushuka kunaanzia ndipo palipo kilele. Na ukitaka kujua kama kuna ujanja mwingine wa kupita 100, hesabu inajibu: ukisogeza upande mmoja mita 1 kutoka kwenye 10, unapoteza mita 1 ya mraba. Ukisogeza mita 2, unapoteza 4. Ukisogeza mita 3, unapoteza 9. Upande wowote utakaokwenda, unapoteza. Kwa waya ule wa mita 40 na umbo lile la pembe nne, hakuna fundi atakayepata 101, leo wala baada ya miaka elfu.

Lakini angalieni jambo moja. Tukitumia ukuta wa depo kama upande mmoja, waya unabaki wa pande tatu tu. Tunaweka mita 10, mita 20 na mita 10. Sasa tuko na mita za mraba 200, kwa waya uleule. Je, kilele kimevunjwa? Hapana. Ni masharti yamebadilika, na kila masharti yana kilele chake. Tukumbuke neno hili, masharti, maana tutalirudia tukifika kwenye mvua.

KILELE CHA KWENYE KAYE

Mvua haiko vile. Hakuna mtu aliyekaa chini akathibitisha kwamba katika kijiji chetu mvua ya usiku mmoja haiwezi kupita milimita kadhaa. Tunachokuwa nacho ni orodha: mwaka huu ilinyesha hivi, mwaka ule ilinyesha vile. Tunaangalia orodha, tunachagua namba kubwa, tunaiita rekodi. Kwa hiyo rekodi ni namba kubwa kati ya zile zilizoandikwa, basi. Haisemi kitu juu ya zile ambazo hazikuandikwa, na haisemi kitu juu ya zile zinazokuja.

Ili tuone nguvu ya jambo hili, tufikirie watu wanaingia kwenye mkutano mmoja mmoja, bila mpango. Kumi wameshaingia. Wa kumi na moja yuko mlangoni. Kuna nafasi gani kwamba huyu ndiye mrefu kuliko wote? Kwa kuwa wameingia bila mpango, yule mrefu kuliko wote 11 angeweza kuwa wa kwanza, wa tatu, wa nane, yeyote. Kwa hiyo nafasi kwamba ni huyu wa mlangoni ni 1 kati ya 11.

Miaka nayo inaingia mmoja mmoja. Kama kaye yetu iko na miaka 10, mwaka wa 11 uko na nafasi 1 kati ya 11 ya kuleta mvua kubwa kuliko zote zilizoandikwa. Utasema ni nafasi ndogo. Ndiyo, kwa mwaka mmoja. Lakini depo hatujengi kwa mwaka mmoja.

Hesabu ya depo inakwenda hivi. Chukua miaka ambayo depo itakaa. Igawe kwa jumla ya miaka ya depo pamoja na miaka ya kaye. Jibu ni nafasi ya kwamba rekodi yenu itavunjwa depo ikiwa bado imesimama.

Kaye ya miaka 10, depo ya miaka 20: 20 gawanya kwa 30. Nafasi ni 2 kati ya 3.

Kumbukumbu ya mzee ya miaka 40, depo ya miaka 20: 20 gawanya kwa 60. Nafasi ni 1 kati ya 3.

Someni tena ile ya pili. Mzee anakumbuka vizuri, hakukosea hata kidogo, miaka 40 mizima. Bado kuna nafasi 1 kati ya 3 kwamba maji yatapita alama yake kabla depo haijazeeka. Nani kati yetu angeweka mbegu za wanachama wote kwenye lori kama angeambiwa kwamba lori 1 kati ya 3 zinaanguka njiani?

Na hesabu hiyo bado inafikiri kwamba hali ya hewa haijabadilika. Hapa ndipo neno masharti linaporudi. Dunia imepata joto zaidi ya nyuzi 1 ukilinganisha na miaka ya 1850 hadi 1900. Hewa yenye joto inabeba maji mengi zaidi: kila nyuzi 1 inaongeza karibu asilimia 7 ya mvuke ambao hewa inaweza kubeba. Mvuke huo ukishuka, unashuka kwa nguvu. Ni kama pepinyeri yetu iliyopata ukuta wa depo: masharti yamebadilika, vilele vya zamani havitoshi. Kwa hiyo ile nafasi ya 1 kati ya 3 tuihesabu kuwa ya chini, si ya juu.

REKODI ZA DUNIA ZINATUFUNDISHA NINI

Kabla ya kuzitaja, tukumbushane kipimo. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 ya maji kwa kila mita 1 ya mraba. Sehemu nyingi za mashariki ya Kongo zinapata kati ya milimita 1,000 na 2,000 kwa mwaka mzima.

Sasa sikieni. Mahali panapoitwa Foc-Foc, katika kisiwa cha Réunion kwenye Bahari ya Hindi, kimbunga cha Januari 1966 kiliangusha milimita 1,825 ndani ya saa 24. Yale ambayo wengi wetu tunapata kwa mwaka, wao waliyapata kwa siku moja. Kama maji yale yangebaki pale yalipoanguka, yangemfunika mtu mzima wa urefu wa kawaida.

Lakini ukiuliza rekodi ya mwaka mzima, haiko Réunion. Iko Cherrapunji, nchini India: milimita 26,470 kati ya Agosti 1860 na Julai 1861. Na ukiuliza rekodi ya dakika moja, inahamia Unionville, Marekani: milimita 31.2 ndani ya dakika moja, tarehe 4 Julai 1956.

Maana yake kwa mkulima ni hii: usiulize tu "mvua kubwa ni ngapi", uliza "kwa muda gani". Milimita 120 kwa mwezi, zikija mara 12 za milimita 10, maharagi yanashukuru. Milimita 120 zilezile zikija usiku mmoja, zinaondoka na udongo, mbegu na mbolea. Kwenye hesabu ya mwezi miezi hiyo miwili inafanana kabisa.

Tufanye na hesabu ya mfereji. Mvua ya milimita 60 kwa saa moja, kwenye hekta 1 ya mteremko, ni lita 600,000. Kwa dakika moja ni lita 10,000. Ni sawa na bidoni 500 za lita 20, kila dakika, zinazotafuta njia. Sehemu itaingia ardhini, hasa kama shamba liko na majani na matuta. Inayobaki itapita kwenye mfereji wenu, au itajichimbia wenyewe mahali msipopenda.

REKODI ILIYOFUTWA BAADA YA MIAKA 90

Kuna rekodi moja inayopaswa kujulikana na kila mwandishi wa koperative. Tarehe 13 Septemba 1922, katika kituo cha El Azizia, nchini Libya, iliandikwa joto la nyuzi 58. Kwa miaka 90 ilikuwa rekodi ya joto ya dunia nzima. Ilisomeshwa shuleni.

Mwaka 2012 Shirika la Hali ya Hewa Duniani liliifuta. Wachunguzi walirudi kwenye karatasi za zamani, wakaona kwamba siku mbili kabla ya ile rekodi mwandiko ulibadilika. Mtu mpya alikuwa ameanza kazi. Alikuwa anaandika namba kwenye safu zisizo zake, na inaelekea kipimajoto kile, ambacho kinaonyesha kilele kwa kijiti kidogo, alikisoma kwenye ncha isiyo sahihi. Kosa la namna hiyo linaweza kuongeza karibu nyuzi 7. Tena vituo vya jirani havikuonyesha joto la namna ile siku ile. Rekodi ikarudi Death Valley, Marekani: nyuzi 56.7, tarehe 10 Julai 1913.

Mtu mmoja ambaye hakufundishwa vizuri, siku chache tu, na dunia ilidanganyika miaka 90. Kilele ni namba moja tu, kinasimama peke yake. Wastani wa mwezi unaweza kuvumilia kosa moja, kwa sababu siku nyingine zinalisawazisha. Kilele hakivumilii: namba mbaya ikiwa kubwa, inachaguliwa yenyewe kuwa rekodi.

NA HAPA KWETU

Tusifikiri kwamba rekodi ni mambo ya mbali. Kwa radi, Kongo iko mbele duniani. Zamani kijiji cha Kifuka, kwenye milima ya mashariki, kilitajwa kuwa mahali pa radi nyingi kuliko pote: miali 158 kwa mwaka kwa kila kilomita ya mraba. Mwaka 2016 wanasayansi walipima upya kwa kutumia data za setilaiti za miaka 16, kwa undani zaidi. Ziwa Maracaibo, nchini Venezuela, likachukua nafasi ya kwanza kwa 233, na Kabare, Kivu ya Kusini, ikawa ya pili kwa 205. Mbingu hazikubadilika siku ile. Kilichobadilika ni kipimo. (Na kwa wanachama wa Kabare na jirani: radi ikianza, mtu aache jembe na atoke chini ya mti. Hiyo haihitaji setilaiti.)

Mto Kongo nao uko na kaye yake. Kinshasa wanapima kina chake tangu mwanzo wa karne ya 20. Rekodi ni ya mwaka 1961: mita 6.26. Miaka ikapita, vizazi vikapita, watu wakajenga karibu na maji. Januari 2024 mto ulifika mita 6.20. Zilibaki sentimita 6 tu. Aliyejenga akisema "ya 1961 haitarudi" aliona maji ndani ya nyumba.

Na kuna ile ambayo hatutaisahau. Tarehe 4 Mei 2023, katika teritware ya Kalehe, mvua ilishuka na mito ikatoka njiani mwake. Katika vijiji vya Bushushu na Nyamukubi maji, matope na mawe vilibeba nyumba, mashamba na watu. Zaidi ya watu 400 walikufa. Ilikuwa siku ya Alhamisi, siku ya soko la Nyamukubi. Hatuandiki hili kusema kwamba kaye ya mvua ingewaokoa wote. Tunaliandika kwa sababu kijito ambacho mtoto anakivuka kwa mguu siku zote kinaweza siku moja kuleta kitu ambacho hakuna mzee aliyekiona.

SASA TUFANYE NINI

Kwanza, tengenezeni kipimo cha mvua. Chukua chupa ya plastiki yenye pande zilizonyooka. Kata sehemu ya juu, igeuze iingie ndani kama faneli. Weka mawe madogo chini ili isianguke, kisha mimina maji mpaka yapite mawe na ile sehemu ya chini isiyo sawa. Hapo piga mstari: ndiyo sifuri. Bandika rula kuanzia mstari huo kwenda juu. Ifunge kwenye mti wa wima, mita 1 hivi kutoka ardhini, mahali peupe. Kama kuna mti au nyumba, kaa mbali nayo mara mbili ya urefu wake.

Pili, chagueni watu wawili, si mmoja, na muwafundishe pamoja. Mama wa jirani na kijana wa shule wanatosha. Wasome kila asubuhi saa moja, siku zote saa ileile. Baada ya kusoma, maji yarudishwe kwenye mstari wa sifuri.

Tatu, kaye iwe na safu nne: tarehe, milimita, jina la aliyesoma, na maelezo. Kwenye maelezo andika mvua ilianza saa ngapi na ikaisha saa ngapi, na mto ulifika wapi. Kama haikunyesha, andika 0. Kama hakuna aliyesoma, andika "haikusomwa". Msiandike 0 mahali ambapo mtu alisafiri. Hizo ni habari mbili tofauti, na kaye inayozichanganya itadanganya wajukuu wenu. Kama chupa ilijaa ikamwagika, andika "zaidi ya" na namba ya mwisho, halafu tafuteni chupa ndefu zaidi.

Nne, mwisho wa mwaka andikeni ukurasa mmoja wa vilele: mvua kubwa ya siku moja, tarehe yake, na alama ya mto. Alama hiyo ipakwe rangi kwenye nguzo ya daraja au jiwe kubwa, pamoja na mwaka. Waulizeni wazee wote, wanaume kwa wanawake, na alama zao ziwekwe pia. Mzee mmoja ni kumbukumbu ya miaka 40. Bibi yake anaweza kuwa na ya miaka 60, kwa sababu ndiye aliyekuwa anachota maji pale.

Tano, kabla ya kujenga, fanyeni ile hesabu ya mgawanyo mbele ya wanachama wote, kwa sauti. Kisha msijenge kwenye alama. Jengeni juu yake. Ushauri wetu ni angalau mita 1 nzima kama ardhi inaruhusu, na mbegu zikae juu ya mbao, si sakafuni. Kwenye mteremko, kupanda juu peke yake hakutoshi: hameni kabisa kutoka njia ya kijito na mdomo wa bonde, maana pale matope na mawe hayapimwi kwa mita. Kama kiwanja kizuri kiko mbali na barabara dakika 15 zaidi, hizo dakika 15 ndizo bei ya depo kusimama.

Turudi kwenye ule mkutano wetu. Mzee ameonyesha mti wa maembe, na kila mtu anaangalia. Tumshukuru, tupige alama, tuandike mwaka. Halafu mmoja wetu asimame, kwa heshima, aulize hivi: "Mzee, tunaamini yalifika pale. Sasa tuseme yanakuja makubwa kuliko yale, yatapita wapi?" Tukianza kujadili jibu la swali hilo, hapo tumeanza kuchagua kiwanja.

Koperative ambayo tayari iko na kaye ya mvua, hata ya msimu mmoja, iilete kwenye mkutano ujao wa agronomu. Tutazilinganisha na za vijiji vya jirani, ili namba moja ya El Azizia isijifiche kati yetu.